Mwandika nota wa Kingerikiti aliyemnyima Mwenyekiti shikamoo

Saa moja asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya mibuni ya Kingerikiti, na Restituta Hyera ameshakaa mbele ya kompyuta sebuleni kwake, kitenge amekifunga juu ya sweta, kikombe cha uji kinapoa pembeni. Simu yake mezani inatoa sauti ya bibi mmoja anayeimba peke yake. Restituta anasikiliza kipande kifupi, anasimamisha, anaandika nota mbili, anarudisha nyuma, anasikiliza tena.

Mzee mwenye koti na mabuti ya mvua anapita barabarani, kiroba cha mahindi begani. Akifika usawa wa mlango anasimama.

"Hamjambo humo ndani?"

"Hatujambo," anajibu Restituta bila kugeuza shingo.

Basi, imeisha hiyo. Mzee anangoja kidogo, anakohoa, anaendelea na safari yake ya mashineni.

Msomaji wa mjini anaweza kuliona jambo dogo. Huku juu, mwanamke wa miaka arobaini na sita kumnyima shikamoo mzee aliyevuka sabini, tena mwenyekiti wa kwaya ya kigango, ni habari inayofika kijiji cha Tingi kabla jua halijazama. Majirani wamemsema. Katekista amemwita na kumkanya kwa upole. Mama mkwe wake alinuna wiki nzima. Restituta hatikisiki.

"Wananiambia hasira hasara," anasema. "Sawa. Lakini mimi hasara ilitangulia. Hasira imekuja nyuma yake, tena imechelewa."

Restituta, ambaye hapa kijijini anaitwa Mama Glorious kwa jina la binti yake, ni mkulima wa kahawa na mahindi. Kazi yake ya pili, anayoifanya asubuhi kabla ya shamba na siku za mvua, ni kuandika nota za kwaya kwa kompyuta. Mtunzi anamletea wimbo alioukwaruza kwenye daftari, au anamwimbia tu, naye anauweka katika sauti nne, anapanga maneno chini ya nota, anachapa. Kwa wimbo mmoja analipwa shilingi elfu tano, akilipwa. Wengi humlipa kwa "Mungu akubariki."

Aliyemfundisha nota ni Mwalimu Leopold, mwalimu mstaafu aliyeifundisha kwaya ya kigango tangu Restituta akiwa msichana. Mzee yule alitunga nyimbo zaidi ya arobaini na kuziandika kwa mkono kwenye karatasi alizozihifadhi katika sanduku chini ya kitanda. Mchwa wakalikuta sanduku. Lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na udongo na pembe za karatasi.

Hakuna aliyelia siku ile, kwa sababu Restituta alikuwa ameshazipiga zote kwenye kompyuta. Hata zile nane za mwisho, ambazo Mwalimu alizitunga akiwa mgonjwa, alimwimbia akiwa amekaa kitandani, yeye akiandika. Zile nane kwaya ilijifunza kwa kusikia tu mazoezini. Hazikuwahi kuchapwa wala kuimbwa kanisani. Mwalimu alifariki kabla.

Kwa hiyo kompyuta ile ya mezani, nzito, yenye kelele, aliyoachiwa na sista mmoja aliyehamishiwa kituo kingine, ndiyo iliyokuwa sanduku la Mwalimu. Asomaye aliweke hilo moyoni, kwa maana ndilo linalomchoma Restituta mpaka leo.

Sista aliiacha ikiwa na mfumo unaoitwa Ubuntu. Huo ni mmoja katika ukoo mkubwa wa Linux, mifumo ya kuendeshea kompyuta ambayo haiuzwi. Mtu anaichukua bure, anaiweka mwenyewe. Ukoo huo una majina mengi, na kila jina lina watu wake. Restituta aliupenda kwa sababu moja ya kikulima kabisa: wateja walimletea flashi zilizojaa virusi, na kompyuta yake haikuugua.

Lakini miaka ikaenda. Ubuntu waliacha kutoa matoleo mapya kwa ajili ya mashine za zamani za aina yake. Programu ya nota ikabaki pale pale, na nyimbo alizotumiwa na watunzi wa Mbinga mjini zikawa hazifunguki. Akaipakia kompyuta kwenye gari, akaipeleka mjini kwa fundi.

"Unajua aliniambia nini?" anauliza, na sasa ameacha kuandika kabisa, amegeuka na kiti. "'Mama, hii wapelekee wanaonunua vyuma chakavu.' Hajaiwasha! Kaiangalia tu kama anavyoangalia kuku anayeumwa mdondo. Nikamwambia inafanya kazi. Akacheka. 'Basi niache nifute hiyo Linux nikuwekee Windows ya kuchakachua, upate kompyuta kamili.' Kamili! Mimi nimekula kwa kompyuta hii, nimesomesha mtoto kwa kompyuta hii, yeye ananiambia si kamili!"

Aliirudisha nyumbani mwenyewe. Akatafuta, akauliza kwa simu, akasoma maelezo ya Kiingereza kwa kamusi mkononi, akagundua kwamba katika ukoo ule ule wa Linux kulikuwa na Debian, toleo ambalo bado lilikuwa likizikubali mashine za zamani kama yake.

"Nilipowaambia wenzangu kwamba nahama Ubuntu naenda Debian, wakashtuka, wakadhani nabadili dini. Nikawaambia dini ni ile ile. Nahama parokia."

Hapo ndipo inapoingia flashi.

Mwaka uliotangulia, kwaya ilichanga na kununua flashi moja nzuri ili nyimbo za Mwalimu ziwe na nakala. Restituta akazihamishia zote humo, akaomba akae nayo. Kamati ikakataa. Katika kwaya hii kuna desturi: mali ya kwaya haikai kwa mwanakwaya. Sare, ngoma, kinanda, hata kile kibati cha sadaka za safari, vyote hukaa kwa mwenyekiti. Na mwenyekiti ni Mzee Othmar Ndimbo, yule aliyepita barabarani asubuhi hii na kiroba cha mahindi.

"Nikamkabidhi kwa mkono wangu," anasema Restituta. "Nikamwambia, 'Mwenyekiti, humu kuna nyimbo zote za Mwalimu.' Maneno yangu ni hayo hayo. Nyimbo za Mwalimu. Ningejua!"

Mzee Othmar ni mtu mwaminifu. Hata Restituta hakatai. Aliifunga flashi ile kwenye leso, akaiweka kabatini pamoja na sare. Kisha jioni moja akamkumbuka rafiki yake marehemu. Akaitoa flashi, akaichomeka kwenye redio yake, akakaa kwenye kiti angoje kwaya.

Redio ikanyamaza.

Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Kimya. Siku iliyofuata alikuwa na safari ya Mbinga kwenye mambo ya kahawa, akaenda nayo mpaka kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo. "Flashi imekufa," akamwambia mwenye kibanda. "Ilikuwa na nyimbo za kwaya." Mwenye kibanda akaichomeka, akaona mafaili ya nota asiyoyafahamu, akayafuta yote, akamjazia nyimbo za kwaya, nzuri, za kurekodiwa studio, zenye vinanda na kila kitu. Mzee akalipa, akarudi nyumbani, akachomeka redioni. Ikaimba! Akaifunga kwenye leso, akairudisha kabatini, moyo mweupe.

Nenda ukamlaumu mtu wa namna hiyo. Restituta anamlaumu, tena kwa sauti.

Maana siku ya kuweka Debian ilipokaribia, alimpigia simu. Anaikumbuka simu ile neno kwa neno.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Glorious."

"Ile flashi ya kwaya ipo?"

"Ipo. Tena iko salama kabisa."

Asubuhi ya pili akaanza. Kompyuta ilikuwa na diski ndogo, na mfumo wa zamani na nyimbo vilikaa chumba kimoja, kitu ambacho sasa anasema hatakirudia maishani. Skrini ikamwuliza kama aitumie diski yote, na kumwonya kwamba kila kilichomo kitafutika. Akafikiria leso kabatini kwa Mzee Othmar. Akakubali.

"Kidole kilikuwa changu, sikatai," anasema. "Lakini kidole hakikubonyeza mpaka mzee mzima aliponiambia iko salama."

Debian ikaingia bila shida. Kompyuta iliyoambiwa ni chuma chakavu ikawaka haraka kuliko zamani, programu ya nota ikafunguka, hata printa ikaitika. Restituta anakiri kwamba alicheza peke yake sebuleni, akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna posa.

Jumapili baada ya misa akaenda kuchukua flashi. Mzee Othmar akampa huku anatabasamu.

"Ilikuwa imekufa hii," akamwambia. "Lakini nimeshaitengeneza."

Restituta anasema alijua pale pale, kabla hata hajafika nyumbani kuichomeka. Alipoichomeka alikuta kwaya za Songea, za Dar es Salaam, za Kenya. Wimbo wa Mwalimu haukuwemo hata mmoja. Akarudi kwa Mzee Othmar kwa miguu, akamwambia mbele ya wageni wake mambo ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Kisha akageuka akaondoka, na shikamoo yake ikaishia siku ile.

Alikwenda tena Mbinga, kwa fundi mwingine, kuuliza kama vilivyofutwa vinaweza kurudi. Fundi akahangaika na flashi mchana kutwa, na diski vile vile. Akapata majina ya nyimbo, matupu, ndani hamna kitu.

Kilichomuudhi zaidi, anasema, ni kikao cha kamati. Watu wazima, wenye akili zao, walikaa wakasema ni bahati mbaya. Mmoja akasema teknolojia ndiyo ilivyo. Mwingine, na huyu Restituta hamtaji ila anamwangalia vibaya mpaka leo, akasema shida ni hiyo Linux yake. Angeweka Windows kama watu wengine yasingetokea. Halafu wakapendekeza wachange wamnunulie kompyuta mpya.

"Nikasimama. Nikawaambia, mimi sijaomba kompyuta! Kompyuta ninayo, haina kosa, imefanya kile nilichoiambia. Nataka nyimbo za Mwalimu. Mchwa walishindwa kuzimaliza, ninyi mmeweza. Nikabeba mkoba wangu nikatoka, nikawaacha na sala ya kufunga."

Mtu mwingine angeishia hapo, abaki na kinyongo chake. Restituta alibaki na kinyongo, na akaenda kazini nacho.

Alijua kwamba nyimbo nyingi aliwahi kuzichapa kwa ajili ya kwaya za vigango vingine. Akazifuata karatasi zilikokwenda. Tingi alikuta rundo zima kwa mwalimu wa kwaya, zimetoboka kwa panya lakini zinasomeka. Nyingine zilikuwa zimebandikwa ukutani mwa nyumba ya mwanakwaya kama pambo. Akasimama juu ya kiti akazinakili pale pale, mwenye nyumba hakutaka zibanduliwe. Hizo za karatasi, thelathini na zaidi, amekwisha kuzipiga upya zote.

Zikabaki zile nane. Zile zilikuwa vichwani mwa watu tu.

Sauti ya kwanza aliiimba mwenyewe Restituta, kwa hiyo anayo. Sauti ya tatu aliipata kwa Augustino, mtoto wa Mwalimu, anayelima Tingi. Augustino hawezi kuimba akiwa amekaa. Ikabidi wapande naye shambani, Augustino achimbe mashimo yake ya ngolo, yale ya kuzuia maji ya mvua kwenye mteremko, jembe likishuka na wimbo unatoka, na Restituta amesimama ukingoni na simu mkononi kama mtu wa kupiga picha za harusi.

Sauti ya pili ilikuwa mbali zaidi. Aliyeiongoza enzi za Mwalimu ni Bibi Luisa, ambaye alirudi kwao Ngumbo, ziwani. Restituta akashuka kwa gari hadi Mbamba Bay, akapanda bodaboda kufuata ufukwe, akamkuta bibi anageuza dagaa kwenye chanja. Wakasalimiana, wakalia kidogo kwa ajili ya marehemu.

"Bibi, unazikumbuka zile nane?" akamwuliza.

"Mwanangu, mimi nimesahau majina ya wajukuu," akasema Bibi Luisa. "Lakini hebu anza wewe ya kwanza, tuone kama ya pili itakuja."

Restituta akaanza. Ya pili ikaja. Waliimba wawili pale kwenye chanja mpaka dagaa wakakauka upande mmoja, na wanawake wengine wakaacha kazi zao wakasogea. Nyimbo saba zilikuja nzima. Ya nane bibi aliikosa katikati, akaomba radhi, na siku tatu baadaye akapiga simu alfajiri: "Kalamu unayo? Imerudi." Sauti yake ndiyo inayotoka kwenye simu asubuhi hii, juu ya uji uliokwisha poa.

Sauti tatu, kwa hiyo, anazo. Ya nne, besi, waliiimba wanaume wawili tu waliokuwa wakihudhuria mazoezi yale ya mwisho. Mmoja ameshazikwa. Wa pili ni Mzee Othmar Ndimbo.

Ukimwambia Restituta kwamba Mungu ana utani, anakusonya.

"Nilikaa mwezi mzima nasema nitaitunga besi mwenyewe. Nikajaribu. Nikaisikiliza, nikaona huyu si Mwalimu, huyu ni mimi. Nikaifuta." Anashika kipanya, anakiachia. "Basi nikamtumia salamu. Awe anakuja, wimbo mmoja mmoja. Aimbe, aondoke. Kuja kuimba si kusamehewa."

Nyimbo tatu zimeshakamilika kwa mtindo huo. Leo ni zamu ya wimbo wa nne, ule wa kuaga, ambao Mwalimu aliutunga mwisho kabisa.

Mzee Othmar anarudi kutoka mashineni, unga begani, vumbi jeupe kwenye nyusi. Anapiga hodi, anakaribishwa kwa neno moja. Anautua unga mlangoni, anavua kofia, anasimama katikati ya sebule kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Hakuna anayemwambia akae.

Mwandishi anamwuliza kuhusu flashi. Hakwepi.

"Mimi niliambiwa ni nyimbo," anasema taratibu. "Wimbo usipoimba, mtu unajuaje kama ni mzima? Nilidhani naiponya." Anaikunja kofia mikononi. "Leopold alikuwa rafiki yangu. Nilitaka kumsikia."

Restituta anatazama kioo cha kompyuta. Kisha anasema kwa ukali ule ule, "Tuanze, Mwenyekiti. Mahindi yananingoja."

Mzee anaimba. Sauti yake imechakaa juu lakini chini bado ipo, nene, inatikisa kikombe mezani. Restituta anamsimamisha mara kwa mara. "Rudia hapo. Hapo umepanda, Mwalimu hakupanda." Mzee anarudia. "Bado." Anarudia tena, jasho linamtoka, hanung'uniki. Vidole vya Restituta vinakimbia, mstari wa chini unajaa nota nyeusi moja baada ya nyingine.

Mpango wake anao, na anautaja huku anaandika, bila kupunguza sauti. Nyimbo zote nane zikikamilika, kwaya itaziimba siku ya kujengea kaburi la Mwalimu kwa saruji, baada ya mavuno. Nakala zitakaa katika flashi tano: kwake, kwa Augustino, kwa mwalimu wa Tingi, kwa Bibi Luisa kule Ngumbo, na ya tano kwa katekista. Kila moja itakuwa na karatasi zake zilizochapwa. Kabatini kwa mwenyekiti zitakaa sare na ngoma. Kamati imeshaambiwa, na safari hii imekubali.

Debian nayo imekaa sawa. Safari hii nyimbo ziko chumba chao peke yao kwenye diski, mbali na mfumo, ili siku akihama parokia tena asiguse kitu cha marehemu.

Nota ya mwisho inaingia. Restituta anavuta pumzi, anabonyeza kitufe, na spika mbili ndogo zilizofungwa kwa utepe zinaanza kutoa wimbo. Ni milio ya kinanda tu, haina maneno, lakini sauti zote nne zimo: ya kwanza ya Restituta, ya pili ya Bibi Luisa, ya tatu ya Augustino na jembe lake, na chini yao ile besi iliyotoka kifuani mwa mzee sasa hivi.

Mzee Othmar anasimama bila kusogea mpaka unakwisha. Macho yamejaa maji.

"Kumbe zinaimba," anasema.

"Zilikuwa zinaimba siku zote," anajibu Restituta. "Wewe uliziweka kwenye redio."

Mzee anatikisa kichwa kukubali. Anavaa kofia, anainama kunyanyua unga wake. Amekwisha toka kizingitini Restituta anapomwita, na bado hajageuza kiti.

"Mwenyekiti! Zimebaki nne. Siku zote nne zikikamilika, shikamoo yako utaipata."

Mzee anasimama na unga begani.

"Basi kesho nitawahi," anasema.